Vumbi Ndani ya Duara

Vijana wangu wa koti jeupe, marahaba. Shikamoo zenu zimefika zote, za simu na za mdomo. Juzi wawili wenu mlinifuata mpaka hapa Mjimwema, mkanikuta nachambua maharage, mkaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi ya maabara. "Chochote tu, Mama Gama." Chochote tu! Nimesimama mbele ya hadubini mpaka kiuno kikakataa, halafu mtu anataka chochote tu. Haya, nitawaandikia habari za fangasi mmoja. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili, nikaandika kana kwamba hayupo.

Mtanisamehe nikirukaruka. Mimi si mtu wa kuanza na "nilizaliwa".

Ingawa kuzaliwa kwenyewe kunahusika kidogo. Kwetu ni Mpitimbi, na mama yangu alikuwa mpika komoni. Aliyekulia Songea anaijua komoni, pombe ya mahindi na ulezi. Mama alikuwa na mapipa mawili pembeni ya jiko, na mimi nikirudi shule naweka sikio kwenye pipa kusikiliza. Mle ndani kunachemka na hakuna moto! Nikimuuliza nani yumo humo, mama anasema, "Hamna mtu, kachote maji." Nikawa naogopa yale mapipa hadi nimekuwa binti.

Miaka mingi baadaye nimeajiriwa, niko chini ya Mzee Ngonyani, mkuu wa maabara yetu. Siku moja nikamhadithia kuhusu mapipa ya mama. Hakunicheka. Kesho yake akaja na komoni kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akaweka tone kwenye kioo, akaniambia, "Haya, kawaone hao waliokuwa wanakutisha." Nikainama kwenye hadubini. Jamani! Vitu vya mviringo, vingi kuliko watu wa mnadani, na kila kimoja kimebeba kitoto ubavuni. Nikafanya ishara ya msalaba palepale. Mzee akasema, "Hao ndio hamira, fangasi wa pombe. Ndugu zao wengine wanaishi mdomoni mwako sasa hivi, na hawana shida na wewe. Siku mwili ukilegea ndipo utawajua."

Mzee Ngonyani alikuwa mtu wa maneno machache na viazi vingi. Msicheke. Chakula cha kuoteshea fangasi kilipokwisha stoo, na kilikuwa kinakwisha kila mara, yeye alinunua viazi mviringo vya Umatengo, akavichemsha, akachuja maji yake, akatia sukari na ule unga wa kugandishia, akamimina kwenye sahani zetu ndogo za maabara. Fangasi walikuwa wanaota vizuri kuliko kwenye chakula cha kiwandani. Jikoni kwa wagonjwa walikuwa wanatusema kwamba maabara tunakaanga chipsi humo ndani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha badala ya kuikodolea macho chini ya taa. Na yeye ndiye aliyenizima moto nilipowasha kibatari cha spiriti nikiwa na wigi mpya kichwani. Wigi liliondoka. Nywele zangu zilibaki, asante Mungu. Mabinti, mnaokuja kazini na nywele mpaka kiunoni, mmesikia.

Sasa kazi yenyewe. Nyie siku hizi mnaweka kadi kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai, mashine inatema majibu. Sisi tulikuwa tunampaka fangasi kwenye sahani nzima, kisha tunaweka juu yake kikaratasi cha duara, kidogo kama kifungo cha shati, kilicholoweshwa dawa. Sahani inaingia kwenye kabati la joto. Kesho yake, kama dawa inamweza, kikaratasi kinazungukwa na duara safi lisilo na kitu, na huko pembeni fangasi wamejaa tele. Unapima duara kwa rula. Likiwa kubwa, unaandika: anasikia dawa. Likikosekana, unaandika: sugu. Watu wanalala wodini wakisubiri rula yako.

Na mara nyingine ndani ya duara unakuta kama vumbi. Kaukungu kepesi, ungesema mtu kapuliza unga. Mzee alisema ukungu huo usiuhesabu, na alikuwa sahihi, maana fangasi wengi hufanya hivyo na dawa bado inawaweza. Ila yeye alikuwa akiongeza neno, "Usiuhesabu, lakini urudie kesho kuuangalia." Mimi lile neno la pili nililiacha njiani.

Mnajua ni kwa nini? Baridi. Nyie wenyeji wa Songea mnaijua Juni yetu. Umeme ulikuwa unakatika, kabati la joto linapoa, asubuhi tunakuta kila kitu kimeota kwa shida, vidoa vimedumaa. Tukabuni dawa yetu wenyewe. Kwenye daftari la majibu, kila tulipoona vidoa vidogo kuliko kawaida, tuliandika pembeni herufi B, yaani baridi. Tukimaliza B yetu tunaendelea na maisha. Mzee alipostaafu, B ikabaki. Waliokuja baada yake niliwafundisha mimi mwenyewe, tena kwa kujivuna, kama vile nawapa siri ya ukoo. Umeme ulipotengemaa, bado tukawa tunaandika B.

Basi Juni moja, nimebakiza muda mfupi nistaafu, akalazwa Mwalimu Tumaini. Alikuwa binti wa Rungwe aliyeolewa huku, anafundisha darasa la pili shule moja ya msingi kule Bombambili. Alikuwa na kisukari ambacho hakikujulikana mapema, na fangasi walimpanda kuanzia ulimi mpaka ndani kooni. Utando mweupe, mzito. Hata uji ulikuwa unamchoma. Mume wake alikuwa kikazi Tunduru, kwa hiyo aliyemuuguza ni mama mkwe, mama mmoja mkali, wa kutembea na rozari mkononi na maneno mdomoni.

Akapewa vidonge vya fangasi vya wiki mbili, na dawa ya maji ya kusukutua na kumeza. Sampuli ya koo lake ikaja kwangu. Kesho yake nikainamisha sahani dirishani, nikaona duara kubwa, zuri, na ndani yake vumbi la vidoa vidogo, vilivyodumaa. Nikatazama nje, nikaona watu wamejifunika mablanketi kwenye bodaboda. Nikaandika: anasikia dawa. Pembeni nikaweka B. Nikatia sahihi.

Wiki mbili zikaisha, Tumaini hajapona. Sampuli nyingine, duara lilelile, vumbi lilelile, B ileile. Sasa fikirini kama daktari. Maabara inasema dawa inamuua huyu fangasi, sukari mmeishusha, na koo la mgonjwa bado jeupe. Kuna jibu gani limebaki? Kwamba mgonjwa hamezi vidonge.

Wakaanza kumshuku. Nesi mkuu wa wodi, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa anasimama kitandani akimwangalia anavyomeza, halafu anamwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi, kama mtoto. Mto wake ukapekuliwa. Siku niliyopita wodini kupeleka majibu ya mwingine, nilimkuta mama mkwe anamwambia mbele ya watu, "Njia ya mwongo ni fupi. Hivyo vidonge unavipeleka wapi?" Tumaini akajibu kwa sauti iliyokwaruza, "Nameza, mama. Kila siku nameza." Akaniangalia mimi, mtu wa koti jeupe, labda nitasema kitu. Nikaweka karatasi yangu mezani, nikaondoka.

Sampuli ya tatu niliiotesha Ijumaa. Jumamosi nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu, na kijana wa zamu hakufika kwa sababu ya homa. Kwa hiyo sahani ile haikusomwa mpaka Jumatatu, na nilikasirika kwelikweli, maana kwa taratibu zetu ilikuwa imeshaharibika. Nikaichukua niitupe. Mazoea yakanishika, nikaiinamisha dirishani.

Duara lilikuwa halipo. Lile vumbi lilikuwa limekua, vidoa vyeupe, vinono, vimekwenda vikakigusa kikaratasi chenyewe cha dawa. Kingine kilikuwa kimekaa juu yake.

Nikasema moyoni, huyu ni mgeni kaingia kutoka hewani. Nikakumbuka sanduku la sahani za zamani, zile tulizokuwa tunazifungia kusubiri siku ya kuchoma, na kwa bahati tanuri lilikuwa limeharibika wiki ya nne hiyo. Nikapiga magoti sakafuni nikapekua mpaka nikaipata sahani yake ya kwanza, yenye mwandiko wangu. Imekauka pembeni, imejikunja, lakini duara lake nalo limejaa. Ya pili hivyohivyo. Alikuwamo tangu siku ya kwanza, anakua polepole kwa mwendo wake, na mimi nikamwita baridi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilibaki pale chini na sahani tatu mapajani, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa hapa ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo ninapotaka msikilize. Sikwenda wodini. Nilifunga sampuli, nikaituma kwa basi kwenda maabara kubwa Dar es Salaam, nikajiambia kwamba nitasema wakithibitisha. Siku tano. Siku tano nilikunywa chai na nesi mkuu, akinisimulia jinsi Tumaini anavyoumbuka kwa ujanja wake, na mimi nakoroga sukari. Nilikuwa karibu kuagwa, keki ilikuwa imeshachangiwa, sikutaka kuondoka na doa. Siku ya nne nikasikia Tumaini ameomba atolewe hospitali, amesema bora akafie nyumbani kuliko kupekuliwa. Kilo zake zilikuwa za mtoto wa darasa la sita.

Siku ya tano simu ikapigwa. Mtaalamu wa kule alikuwa binti mdogo, sauti ya mtu wa miaka ishirini na kitu, anaongea harakaharaka kwa furaha. "Mama, shikamoo. Mama, huyu fangasi wako ni wa ajabu! Vidonge havimwezi, na ile dawa ya kusukutua nayo haimwezi. Na anaota taratibu sana. Nadhani najua amekosa nini."

Nikamwambia mwanangu, nieleze polepole, mimi nimesomea viazi. Akacheka, akanieleza, na mimi nitawaeleza kwa komoni.

Seli ya fangasi imezungukwa na ngozi laini, na ndani ya ngozi ile kuna mafuta ya aina yake yanayoishikilia. Mafuta hayo hayatengenezwi na mmoja. Kuna vimeng'enya, msururu mzima, kila kimoja kinapokea kazi ya mwenzake, kinaongeza chake, kinapitisha. Sawa na wanawake wa kwetu siku ya komoni: mmoja analoweka ulezi uote kimea, mmoja anaanika, mmoja anasaga, mmoja anapika. Vile vidonge vya fangasi vinamfunga mikono mmoja wa msururu, tuseme yule anayeanika. Mimi maisha yangu yote nilidhani basi, fangasi anashindwa kwa kukosa ngozi. Kumbe kuna jambo zaidi. Yule anayesaga hana habari kwamba mwenzake amefungwa mikono. Kimea kibichi kikimfikia, anasaga vilevile, kwa bidii yake yote, na kinachotoka ni uozo unaolitia sumu pipa zima. Dawa inaanzisha tu. Sumu anaitengeneza fangasi mwenyewe, kwa kimeng'enya chake mwenyewe, akiwa kazini. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Sasa huyu wako, Mama," yule binti akasema, "nadhani kile kimeng'enya cha kusaga hana kabisa. Kimeharibika. Kwa hiyo dawa inafunga, kazi inakwama, lakini hakuna wa kutengeneza sumu. Anaishi na ngozi mbovu, ndiyo maana anakua kwa shida. Na ile dawa nyingine inahitaji kuyashika mafuta yaliyokamilika, na yeye hana mafuta hayo, kwa hiyo haina pa kushika."

Nilikaa kitini. Vijana, nimeona mengi kwenye hadubini, nimeona malaria akicheza ndani ya damu, lakini siku ile nywele zilinisimama. Kiumbe kisichoonekana kwa macho, kilema, kimepungukiwa kitu kimoja, na upungufu huohuo ndio uliomwokoa na dawa mbili za wanadamu. Ulemavu wake ndio ile B yangu. Udogo wa vile vidoa ulikuwa unanieleza habari yote, tangu mwanzo, kwenye sahani ya kwanza, na mimi nikausingizia hali ya hewa. Mungu ana mambo makubwa, na mengine ameyaficha kwenye koo la mwalimu wa darasa la pili. Nilimuuliza yule binti mara tatu kama ana uhakika. Akasema uhakika kamili utakuja baadaye wakimchunguza kwa undani, na ulikuja kweli, na alikuwa sahihi. Lakini akasema jambo moja halisubiri: kuna dawa ya sindano ya aina nyingine, haishughuliki na ngozi, inabomoa ukuta wa nje wa fangasi. Sisi hatukuwa nayo. Kwao ipo. "Mlete, Mama. Mlete leo."

Nikampelekea daktari sahani zote tatu, nikamwambia kosa ni langu, nikamwonyesha ile B. Alikuwa kijana mstaarabu, akaanza kuandika rufaa. Nikarudi mezani kwangu, nikachukua karatasi ya majibu, nikaandika jibu jipya: sugu kwa dawa zote mbili. Chini yake nikaongeza sentensi ambayo hairuhusiwi kwenye karatasi ya maabara: "Mgonjwa alikuwa anameza dawa zake. Makosa ni ya msomaji wa sahani." Sahihi, jina, muhuri.

Nikaenda nayo wodini. Tumaini alikuwa amefunga kanga yake, ameweka vitu kwenye kapu, mama mkwe kasimama mlangoni na uso wa mawe. Nikampa karatasi mkononi. Akaisoma kimya. Akairudia. Halafu akasimama, na kwa ile sauti yake iliyochunika akaisoma kwa nguvu, neno kwa neno, kama anayewasomea darasa lake, mpaka wagonjwa wa kitanda cha mwisho wakainua vichwa. Nesi mkuu alikuwa amesimama na sinia la sindano, akaliweka chini. Mama mkwe alishika rozari yake, akaanza kulibeba kapu la mkwewe kulipeleka kwenye gari la wagonjwa.

Alichomwa zile sindano huko Dar es Salaam, na zilimweza yule fangasi. Sitawaficha, kwa siku kadhaa sikuwa nakula vizuri mpaka nilipopigiwa simu kwamba Mwalimu amekunywa mtori bakuli zima, ameomba tena.

Keki yangu ya kuagwa tuliikata. Daftari la B nililifunga kwa kamba, nikawaambia waliobaki kwamba atakayeandika herufi ile tena nitamtokea hata nikifa. Wakacheka. Sikuwa natania.

Tumaini alikuja kuniona kwenye wiki yangu ya mwisho kazini. Amenona, shavu limerudi, kavaa gauni la kitenge. Akaniamkia, akasema, "Mama, nionyeshe huyo." Nikamtayarishia kioo, nikamrekebishia hadubini, akainama. "Kazuri," akasema. "Mungu wangu, kamebeba na kitoto."

Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Mama Gama, siku ile ulipopita wodini nikasema nameza, wewe uliniamini?"

Ningeweza kumjibu kwamba sisi wa maabara hatujui mambo ya wodini. Nilikuwa na jibu hilo tayari.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Sikukuamini."

Akatoa jicho kwenye hadubini, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nilijua," akasema. "Hata mimi mwenyewe, zile siku za mwisho, nilianza kuhesabu vidonge asubuhi na jioni. Nilikuwa naona labda ni kweli, labda simezi."